Hakuna Mlangilangi Dume

Kwa mara nyingine tena nimeombwa nitafute mtu wa msumeno ili mlangilangi, ule mti wa maua ya kunukia (ylang-ylang), wa miaka mitatu, wenye afya na uliosimama vizuri kando ya ukuta wa nyumba, ukatwe kwa madai kwamba ni dume. Mwenye mti ni bibi ninayemheshimu sana, aliyenunua mche kitaluni kwangu hapa Unguja kwa nia ya kupata maua ya vikuba, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, vya wajukuu zake, na neno hilo la dume hakulibuni yeye. Ameambiwa na jirani. Jirani ameambiwa na mzee wa shamba la viungo. Na mzee huyo ana ujuzi wa kweli, ila ujuzi wake ni wa mti mwingine. Nimelijibu jambo hili kitaluni, kwenye simu na hata katika shughuli za watu, na kila ninapodhani limekwisha hurudi likiwa na nguvu zaidi. Sasa naliandika kwa kirefu, kwa sababu nyuma ya kila mlangilangi unaokatwa kwa kosa hilo kuna mtu aliyeumwagilia mche wake miaka yote hiyo, halafu akauangusha pengine wiki chache tu kabla ya kupata alichokuwa akikingoja.

Mlangilangi hauna dume wala jike. Kila ua lake lina sehemu zote mbili. Asiyeamini na achume ua moja lililokomaa, aligeuze litazame juu, kwa kuwa mtini huning'inia likitazama chini, kisha azing'oe petali zake sita moja baada ya nyingine: tatu za nje na tatu za ndani. Kinachobaki mkononi ni kikonyo chenye kitovu cha mviringo kisichofikia upana wa kucha ya kidole gumba. Pembezoni mwa kitovu hicho zimepangwa stameni nyingi mno, ndizo sehemu za kiume zinazotoa unga wa chavua, zimebanana kiasi kwamba bila lenzi mtu huziona kama ngozi moja yenye chembechembe. Katikati, ndani ya duara hilo, kuna pistili kadhaa zilizoshikamana, ndizo sehemu za kike, kila moja na ovari yake, yaani kifuko cha mbegu. Kila pistili iliyochavushwa huwa tunda dogo la peke yake, na ndiyo maana ua moja la mlangilangi likizaa hutoa kishada kizima cha matunda ya kijani ambayo yakiiva huwa meusi. Ndugu zake tunao uani: mstafeli na mtopetope. Anayelijua ua la mstafeli, lenye petali nene tatu nje na tatu ndani, tayari ameujua mpango wa ua la mlangilangi. Tofauti ni kwamba petali za mlangilangi ni nyembamba, ndefu na zenye mawimbi.

Basi hilo dume limetoka wapi? Kwetu imani hii ina asili inayoeleweka, na siwalaumu walioirithi. Katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi mlangilangi husimama jirani na mkungumanga, na mkungumanga kweli una dume na jike. Mkulima wa kungumanga huulea mche wake kwa miaka mitano, sita au zaidi, wala hawezi kujua amepata nini mpaka utoe maua. Ukiwa dume, hauzai kungumanga, kwa hiyo mkulima hubakiza madume machache ya kutoa chavua na mengine huyaondoa ili nafasi isipotee. Huo ni uamuzi wa busara kabisa. Mpapai nao una dume, ule unaotoa vishada virefu vya maua yanayoning'inia bila kuzaa papai la maana. Mtende una dume, na wenzetu wenye jamaa Oman wanajua jinsi mkulima anavyopanda juu ya mti na kufunga vijiti vya maua ya kiume ndani ya karara la mtende jike, kwa kuwa mtende dume mmoja hutosha mitende mingi ya kike.

Hata mkadi, ambao maua yake huingia katika kikuba kilekile kinachoingia mlangilangi, una dume na jike, na hapo mambo hugeuka kabisa: lile ua lenye majani meupe na harufu kali, ambalo watu huligombania, ni la mkadi dume. Kwa hiyo hata katika mti ambao jinsia yake ni ya kweli, anayetafuta harufu na kushikilia kwamba apewe jike angeondoka na asichokitaka. Kujua kwamba baadhi ya miti ina dume na jike ni elimu. Kuichukua elimu hiyo kutoka kwenye mkungumanga na kuuhukumia mlangilangi ni dhuluma kwa mti na kwa aliyeupanda.

Kuna jambo moja la kweli ambalo huenda ndilo lililoipa imani hii nguvu, na maelezo mafupi ya bustani hulipita bila kulitaja. Sehemu za kike na za kiume za ua la mlangilangi hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Pistili hutangulia kuwa tayari kupokea chavua. Zinapomaliza zamu yake, ndipo stameni huachia chavua. Wanaoihamisha ni mbawakawa wadogo, ambao huvutwa na harufu inapokuwa kali, hasa usiku. Kwa mpango huo ua haliwezi kirahisi kujichavusha lenyewe, na mlangilangi uliosimama peke yake katikati ya nyumba za mji unaweza kuchanua vizuri mwaka mzima huku ukizaa matunda machache au usizae kabisa. Mwenye mti akiona maua yanapukutika bila kuacha tunda husema amepata dume, ilhali amepata mti kamili ambao haukutembelewa na wadudu. Tena kwa anayetaka maua ya kikuba, ya kutandaza kitandani au ya kuweka katika mafuta ya nazi, kukosa matunda si hasara ya aina yoyote.

Sasa tuje kwenye mti usio na maua. Sababu ya kwanza ni umri, na hii haihitaji maneno mengi. Mlangilangi uliotokana na mbegu kwa kawaida hutoa maua yake ya mwanzo kati ya mwaka wa pili na wa nne. Mti huu hukua haraka sana, mita mbili au zaidi kwa mwaka ukipata udongo mzuri, na kasi hiyo huwadanganya watu: wanauona umefikia bati la nyumba, wanaufikiria mtu mzima, kumbe bado ni kijana aliyerefuka mapema. Kwa upande wangu nimeacha kumwahidi mteja mwaka. Miche iliyotoka katika kishada kimoja, ikapandwa siku moja katika udongo mmoja, huweza kupishana kwa mwaka mzima au zaidi katika kuchanua. Husemwa kwamba kila mbegu ina urithi wake, nami nakubali, lakini nikisimama mbele ya miti miwili ya namna hiyo, mmoja umejaa maua na mwingine una majani matupu, jibu hilo hata mimi mwenyewe halinitoshi.

Kinachoharibu subira ya watu zaidi ni mlangilangi kibete. Hii ni aina ya kichaka, ambayo wataalamu wa mimea huiita fruticosa, na ndiyo inayopendwa kwenye vyungu vya barazani. Huchanua ungali mdogo ndani ya chungu, haurefuki sana kupita kimo cha mtu, petali za maua yake ni nyingi zaidi na zimejikunja, na kwa kawaida hauzai mbegu, kwa hiyo huzalishwa kwa matawi. Mwenye kibete hupata maua mapema, mwenye mti mkubwa huchungulia ukutani akayaona, na siku ya pili yuko kitaluni kwangu akidai kwamba aliuziwa mche mbovu. Hakuuziwa mche mbovu. Alinunua mti mrefu wa kudumu miaka mingi, na anaupima kwa kalenda ya kichaka cha chunguni. Anayetaka maua haraka na aseme hivyo siku ya kununua, nami nitampa kibete kwa moyo mmoja.

Lakini sababu inayonikera kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nikae kuandika, ni kwamba mara nyingi mti unaoshitakiwa umekwisha kuchanua. Maua yapo juu yake. Mwenye mti hayaoni kwa sababu anatafuta rangi ya manjano, na ua la mlangilangi huanza maisha yake likiwa la kijani.

Nitaeleza hatua kwa hatua, maana hapa ndipo furaha ya watu inapopotea. Kitumba hutokeza kwenye kijitawi kifupi kisicho na majani, mara nyingi mahali ambapo jani limekwisha anguka, yaani nyuma kidogo ya sehemu ya tawi ambayo macho huelekea. Huning'inia kwa kikonyo kilichopinda. Kinapofunguka, petali zake ni fupi, za kijani kibichi, zenye vinyweleo laini, na kwa umbali wa hatua chache tu huwezi kuzitofautisha na majani machanga yanayochipuka. Ua lote limetazama ardhini, na matawi yenyewe huinama, hivyo anayetazama kutoka dirishani au barabarani huona migongo ya majani peke yake. Kisha kazi huendelea polepole: petali hurefuka, kingo zake huanza kupinda, kijani hupauka, na manjano huingia kidogo kidogo. Tangu ua linapofunguka mpaka linapokomaa hupita takriban siku 15 hadi 20. Katika sehemu kubwa ya muda huo ua halina harufu ya kusifiwa. Ukilinusa unapata ubichi wa jani lililovunjwa.

Hapo ndipo yanapotokea maafa madogo yanayonisikitisha. Mtu aliyesubiri miaka mitatu hatimaye analiona ua, analichuma palepale likiwa bichi, analinusa, halina kitu, na anatangaza nyumba nzima kwamba mti wake si mlangilangi bali ni mti wa porini. Nimeletewa maua ya namna hiyo yakiwa yamefungwa kwenye pembe ya leso kama ushahidi wa kesi. Ua hilo lingeachwa wiki mbili tu lingeijaza nyumba harufu. Nawasihi wenye miti: msichume ua la kwanza mpaka mlione limekuwa la manjano, na hata hapo msiridhike na manjano peke yake. Fungueni petali za ndani kwa vidole viwili, bila kuzing'oa, mtazame chini kabisa pale zinaposhikana na kikonyo. Ua lililokomaa lina doa la zambarau iliyokaribia wekundu mahali hapo. Wachumaji wa Komoro na wa kisiwa cha Nosy Be huko Madagaska, ambao riziki yao inategemea kutokosea, hulitafuta doa hilo kabla ya kuchuma, kwa sababu ua lisilo nalo hutoa mafuta machache na yasiyo na harufu timilifu.

Turudi kwa bibi na mti wake wa msumeno. Nilikwenda kwake alasiri, nikamkuta ameshaandaa kila kitu, hata kamba ya kuvutia shina lisiangukie paa la jiko. Baada ya kumwamkia aliniambia, "Mwanangu, wala usijisumbue kuupima. Huu ni dume, nimeshaambiwa na wajuzi." Nilimwomba jambo moja tu: asimame karibu kabisa na shina, mgongo ukutani, atazame juu. Kutoka hapo ndipo upande wa chini wa matawi huonekana, na ndipo maua yaliyojificha hujitokeza. Katika tawi mojawapo la chini kulikuwa na kundi la maua ya kijani, mengine bado mafupi, moja likiwa limeanza kupauka nchani. Alinyamaza kidogo. Aliniuliza kama yale ni maua kweli au ni majani machanga, na nilipomjibu akaniuliza tena. Tuliliteremsha tawi taratibu, nikamhesabia petali sita, nikamwonyesha kile kitovu cha katikati chenye stameni na pistili pamoja.

Kisha alifanya jambo ambalo nimeliona kwa watu wengi na bado hunigusa kila mara. Aliliweka lile ua katika kiganja bila kulichuma, likiwa bado limeshikana na tawi, akasimama hivyo mkono ukiwa juu, akaanza kuwaita wanawe na wajukuu mmoja mmoja kwa majina, huku akiwakataza kuligusa. Mti ambao asubuhi ile ulikuwa aibu ya uani sasa ulikuwa na walinzi. Mjukuu mdogo aliambiwa awafukuze kuku wasiukaribie, ingawa kuku hawana habari na maua yaliyo juu namna ile.

Siku zilizofuata alinipigia simu mara kwa mara kunieleza rangi ilipofikia, na mazungumzo hayo yalinifurahisha kuliko biashara yoyote ya mwezi huo. Alisema limepauka, alisema limekuwa kama ganda la ndimu inayoanza kuiva, alisema lile la pili limelipita la kwanza. Harufu nayo haikumjia kwa kunusa ua. Ilimjia usiku, baada ya sala ya isha, ikaingia dirishani wakati hakuitarajia, na kwa muda alidhani kuna mtu aliyepita njiani akiwa amejitia manukato. Mtu akishapata usiku wa namna hiyo kutoka katika mti alioulea mwenyewe tangu ukiwa na majani manne, hahitaji kuelezwa kwa nini ninaumia ninaposikia habari ya msumeno.

Kuhusu kuchuma nitasema kwa ufupi. Chuma alfajiri au asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, maana harufu ya usiku bado imo ndani ya petali na hupungua kadiri joto linavyopanda. Chuma kwa kikonyo, usilibane ua kwa kiganja. Petali zikichubuka hugeuka nyeusi na harufu yake huharibika. Anayeshona kikuba na ayaweke maua ya mlangilangi mwishoni, baada ya mrihani na asumini, ili yasisagike. Wenye kutamani kukamua mafuta nyumbani wajue hesabu ya jambo hilo: mafuta ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa maua, yaani zinahitajika takriban kilo 50 za maua mabichi kupata kilo 1 ya mafuta, na ukenekaji kamili, yaani kuyatoa mafuta kwa mvuke, huchukua hadi saa 20 hivi. Mti mmoja wa uani ni wa kikuba na wa kunukiza chumba, nao huo ni utajiri wa kutosha.

Sasa yale ambayo watu huyafanya ili kuulazimisha mti uchanue. Kupigilia misumari shinani hakuna faida. Ni kufungua milango ya maradhi na kuvu katika mti ambao mbao yake ni laini. Kuukata gome kwa panga ni vivyo hivyo. Samadi ya kuku inayorundikwa shinani kila mwezi huuletea mti majani mapana, ya kijani kizito, na kuzidi kuuchelewesha, kwa sababu naitrojeni nyingi huusukuma ukue badala ya kuchanua. Mboji kiasi mwanzoni mwa masika na tena mwanzoni mwa vuli inautosha mti uliokwisha kushika ardhi. Kivuli cha mwembe mkubwa kinaweza kuuchelewesha kuliko jambo jingine lolote, nao hautalalamika, utarefuka tu kulitafuta jua. Maji ya chumvi na upepo wa pwani ya wazi huunguza majani yake. Hayo yote yanajulikana na sioni haja ya kuyarefusha.

Linalohitaji kurefushwa ni mzizi. Mlangilangi una mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja na usiopenda kusumbuliwa, na nusu ya malalamiko ninayoyapata yangekwisha kama watu wangeukagua kabla ya kununua. Mche ukikaa mno ndani ya kiriba kifupi, yaani mfuko wa kuoteshea miche, mzizi hugonga kitako cha kiriba, hukosa pa kwenda, na kuanza kujizungusha. Juu mche huonekana mzuri, tena mrefu kuliko wenzake, na mnunuzi huuchagua kwa urefu huo huo. Akishaupanda, mzizi uliozoea kuzunguka huendelea kuzunguka, na mti husinyaa mwaka mzima pasipo sababu inayoonekana. Chagua mche mfupi katika kiriba kirefu, usiozidi urefu wa mkono. Chana kiriba kwa wembe pembeni, usiuvute mche kwa shina, na udongo ulioshikana na mizizi usivunjwe. Wakaazi wa Paje, Jambiani na Makunduchi wana mtihani mwingine, kwa kuwa ardhi yao ni ya mawe ya matumbawe na udongo wake ni haba. Mzizi mkuu ukikuta jiwe mti hudumaa. Huko shimo lichimbwe mpaka lifikie ufa wa kina wenye udongo, au ukubali kupanda kibete kwenye chungu kikubwa. Upande wa magharibi wa kisiwa, kuanzia Bububu na Mwera hadi Mfenesini, ardhi yenye kina inausaidia mti bila kuombwa.

Kuna swali moja ambalo bado sijaridhika na jibu langu, nalo ni la kuukata mti kichwa. Asili ya mlangilangi ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako ukiachwa hupita mita 20, na maua yaliyo juu kiasi hicho hayamfai mtu. Kwa sababu hiyo katika mashamba ya Komoro, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya mlangilangi, na hasa katika kisiwa cha Nzuani, miti hukatwa kilele mapema na matawi yake hupindwa yaelekee chini, ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama ardhini. Ukiiona miti hiyo iliyojikunyata na kujipinda, ni vigumu kuamini kwamba ndiyo inayolisha viwanda vya manukato vya Ufaransa, na kwamba mafuta ya mlangilangi yamo katika manukato ya Chanel No. 5 tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1921. Mbinu ya mashamba imethibitika, siibishii. Shaka yangu ni kuhusu mti mmoja wa uani, wa mtu anayengoja ua lake la kwanza. Ukikata kilele mapema, mti hutumia nguvu zake kuotesha matawi mapya, na mimi huhisi kwamba furaha ya mwenyewe inasogezwa mbele. Ukingoja uchanue kwanza, unaweza kukuta maua ya mwanzo yamekuwa juu ya paa na kidonda cha kukatwa ni kikubwa zaidi. Wenzangu wa vitalu vingine hukata bila kusita mti unapofika kimo cha mtu. Mimi huwashauri watu wangoje ua la kwanza, kisha wakate baada ya mvua kutulia, kwenye urefu wa mita mbili na nusu hivi. Ushauri huo unatokana na mapenzi yangu kwa mwenye mti kuliko hesabu ya mavuno, na anayepanda mingi kwa biashara asiufuate.

Bibi yeye ameshaamua: kilele kitakatwa baada ya masika, na msumeno utakaokuja safari hiyo utakuwa mdogo, wa mkono. Ameniuliza pia kuhusu mbegu, kwa sababu kishada kimoja kimeshika, na jirani aliyempa habari ya dume sasa anataka mche. Nimemwelekeza hivi. Matunda yaachwe mtini mpaka yawe meusi na laini, na ayawahi kabla ya ndege na popo. Nyama isuguliwe kwa maji, mbegu zikauke kivulini, kisha ziwekwe mahali pakavu kwa miezi sita au zaidi, kwa kuwa mbegu za mlangilangi zilizotunzwa huota vizuri kuliko zilizotoka tundani leo. Siku ya kupanda zilowekwe usiku kucha, zipandwe moja moja katika viriba virefu vyenye mchanga na mboji, na ziwekwe kwenye kivuli chepesi. Zitaota kwa kupishana, nyingine baada ya mwezi, nyingine baada ya miwili na kuendelea, na zinazochelewa si lazima ziwe zimekufa. Udongo wa kiriba usimwagwe kabla ya miezi mitatu kupita.